Mke Wangu Ana Ugonjwa wa Moyo, na Mimi Naogopa Kumvua Shanga

Mama Jerotich mpendwa,

Pokea salamu kutoka Lodwar kwenye joto, nami naomba msaada wako kabla sijachelewa, kwa sababu gazeti lako hufika huku na lori la Kitale likiwa limekwisha kuzeeka, na mara nyingine nalipata tayari limefungiwa sukari, lakini ukurasa wako huwa nausoma hivyo hivyo na mafuta yake, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mimi yule mtu anayeandika.

Jina langu ni Josiah Ekuru, ni Mturkana, nimebatizwa, kazi yangu ni kuangalia pampu ya maji hapa mjini, na kwetu ni upande wa Kalemng'orok. Mke wangu ni Nakiru, kwao Lopur karibu na Kakuma, tuna watoto wawili, na sijapata kuona mwanamke mwenye moyo mwema kama wake, ndiyo maana inanichoma kusema kwamba huo huo moyo ndio unaoumwa.

Ilianza polepole, akawa akitoka mtoni Turkwel na maji anakaa chini njiani kama mzee, mimi nikamwambia ni jua, halafu akawa hawezi kulala bila kuegemea kitu, halafu miguu ikavimba, na kitu kingine ambacho sikumwambia mtu ni shanga zake. Mama, wewe umefanya kazi ya uuguzi na watu wetu, unajua wanawake wetu wanavyovaa shanga kutoka mabegani mpaka chini ya kidevu, na juu yake ana ile pete ya chuma ya shingoni, alagama, ambayo nilimvisha siku ya ndoa. Basi mchana tukikaa kivulini naye ametulia kabisa, shanga zilikuwa zinagonganagongana zenyewe, na hazikugonga kwa mpango, zinakwenda haraka, zinanyamaza, zinakwenda tena mara moja, zinanyamaza, na mimi mtu wa mashine nilijua kwamba injini inayolia hivyo haiko sawa.

Alipokwenda kwao Lopur kumwona dada yake, asubuhi moja alikuwa anakamua mbuzi na mkono wa kulia ukalala, chombo cha maziwa kikaanguka, akataka kumwita dada yake na maneno yakatoka yamepinda, lakini kabla jua halijawa kali mkono ukarudi na maneno yakarudi, wakampeleka Kakuma kwenye zahanati ya misheni. Hapo bahati ilikuwa upande wetu, daktari yule anayekuja na ndege alikuwepo. Alimsikiliza, akasema moyo wake unapiga ovyo, akampa kidonge kidogo cheupe cha moyo na kingine cha kukojoa, na akasema kwamba kuna wagonjwa wanaoweza kupelekwa Nairobi wakapasuliwa na kupanuliwa mlango wa ndani ya moyo, lakini lazima kwanza apigwe picha ya kifua na ile mashine ya pale Kakuma, na picha haiwezi kupigwa kupitia shanga na chuma, lazima vitoke. Ndege inarudi mwisho wa mwezi ujao. Bila picha hakuna nafasi.

Sasa Mama, kwetu mwanamke havui vitu hivyo ovyo. Anavivua siku mume wake akifa. Akionekana shingo tupu, watu hawaulizi kama kuna msiba, wanauliza mume atazikwa wapi. Mama yangu mzazi, Nabei, aliposikia habari ya picha aliniambia neno moja tu, "Siku shingo yake ikiwa wazi mimi nitanyoa nywele, kwa sababu nitakuwa nimekuzika," na tangu hapo hajaligusa tena jambo hilo.

Nilirudi kwa wale wa zahanati nikawaambia kwamba mke wangu amekataa. Kijana mmoja msaidizi pale, anaitwa Aregae, alimtazama Nakiru akasema, "Mama, wewe unataka kufa juu ya shanga?" na Nakiru akatazama chini. Hata hapa kazini mwenzangu Kiplagat ananiambia kila siku, "Ekuru, bibi yako kichwa ngumu sana. Si umwambie tu atoe hiyo vyuma?" na mimi naitikia kwamba ni kweli, ana kichwa kigumu, wanawake ndivyo walivyo.

Mama Jerotich, Nakiru hakukataa.

Tangu siku ile ya kwanza alisema, "Hii uliniwekea wewe. Ukiitoa kwa mkono wako, sitaogopa," akainua kidevu akangoja, na mimi nilikuwa na koleo mkononi, nikalitia kwenye chuma, mkono ukaanza kutetemeka, nikaona kaburi langu kama ninavyoiona karatasi hii, nikalirudisha koleo mfukoni nikasema nitafanya kesho. Ile kesho haijafika. Ni mimi ninayeogopa. Mimi niliyekwenda shule, ninayeimba mstari wa mbele kanisani, naogopa kufa nikimvua mke wangu shanga, na nimemwachia yeye aibu yote aibebe mbele za watu, naye ameibeba bila kunitaja.

Na sasa imeniingia mimi mwenyewe. Nikikaa jioni na chai yangu, moyo wangu unaruka, unasimama kabisa kama umekwisha, halafu unanipiga kishindo kimoja kifuani mpaka nashika kiti. Naona kwamba nimekwisha kuguswa, labda kwa kule tu kutia koleo kwenye chuma. Na kosa jingine, siku shanga zilipogonga haraka sana nilimpa Nakiru vidonge viwili vya moyo badala ya kimoja ili vifanye kazi upesi, akatapika na kusema taa ina rangi ya manjano, sikurudia.

Nishauri, nifanye nini, nimwache na shanga zake tumwombee Mungu, au nifanye lile la koleo na nikifa nife? Ukiichapisha barua hii andika jina langu lote, nimechoka kujificha nyuma ya mwanamke mgonjwa.

Wako katika dhiki,
Josiah Ekuru,
Pampu ya Maji, Lodwar.

MAMA JEROTICH ANAJIBU:

Ekuru mwanangu, ejok, kama mnavyosalimiana kwenu. Jina lako nimeliandika kama ulivyotaka, na hilo ni jambo la kwanza la kiume ulilofanya katika kisa hiki chote. Nakupa pole, na ninasema kwa dhati, kwa sababu mtu anayemtazama mkewe akikosa pumzi naye koleo liko mfukoni ana mateso ambayo simtakii yeyote. Lakini kaa vizuri kwenye kiti chako, maana kuna mahali nitakukaripia.

Tuanze na wewe ili tumalizane nawe haraka. Hujaguswa na kitu. Moyo wako umetoa pigo moja kabla ya zamu yake, kisha ukangoja kidogo kurudi kwenye mpango, na wakati unangoja ukajaa damu kuliko kawaida, kwa hiyo pigo lililofuata likawa zito. Hicho ndicho kishindo chako. Watu wazima wengi wenye afya hupata jambo hili wala hawajui. Hofu hulileta, kukosa usingizi hulileta, tumbaku hulileta, na hiyo chai unayoichemsha mpaka inakuwa nyeusi kama oili chafu pia hulileta. Umeniambia linakujia jioni ukiwa umekaa, hukuniambia linakujia ukiinua madumu ya dizeli, na hiyo ni dalili njema. Ukifika Kakuma mwonyeshe daktari kifua chako pia, akuhakikishie. Mpaka hapo punguza chai.

Sasa Nakiru. Yeye si kama wewe, na ugonjwa wake haukuanzia kwenye shanga wala hautaishia hapo. Muulize kama alipokuwa msichana aliwahi kuugua koo, halafu baada ya wiki chache magoti yakavimba na kuuma, maumivu yakihama leo goti kesho kiwiko, akakaa bomani asichunge mbuzi. Nadhani atakuambia ndiyo, ingawa wengine huwa wamesahau. Mwili ukipigana na ugonjwa ule wa koo, wakati mwingine unakosea adui na kushambulia viungo vyake wenyewe, na moyo ni kimojawapo. Magoti hupona. Moyo hubaki na kovu, na kovu hilo hukaa kwenye valvu.

Valvu unaijua kuliko mimi. Moyo una vyumba vya juu na vya chini, na kati yao kuna valvu inayofunguka damu ishuke na kufunga isirudi. Ya Nakiru imekuwa ngumu na mlango wake umekuwa mwembamba. Damu inangoja juu, inasongamana mpaka kwenye mapafu, ndiyo maana hawezi kulala chali. Na kile chumba cha juu kinachongoja kinatanuka mwaka hadi mwaka mpaka nyama yake inachoka.

Hapo ndipo mpango wa mapigo unapoharibika. Moyo una cheche yake yenyewe, Ekuru, kama injini ya petroli. Katika moyo mzima cheche huanza mahali pamoja, huenea vyumba vya juu vikakaza, hukawia kidogo katikati, kisha hushuka vya chini navyo vikakaza. Lakini chumba kilichotanuka na kujaa makovu kinaipotezea cheche njia yake. Zinazuka huku na huku, nyingine zinazunguka na kurudi zilikotoka, na chumba hakikazi tena, kinatetemeka tu. Chumba cha chini nacho hakijui kimsikilize nani, kinapiga kila cheche inapokifikia. Ndizo zile shanga zako. Mapigo mengine huja upesi mno kabla chumba hakijajaa, na hayo hata kwenye kifundo cha mkono hayafiki. Shika mkono wake huku umeweka sikio kifuani, utasikia mapigo ambayo vidole vyako havikuyapata.

Na damu iliyotulia kwenye kona ya chumba kinachotetemeka huganda. Kipande kikichomoka husafirishwa, na kikipanda kichwani huziba njia. Mkono uliolala asubuhi ile Lopur ulilala kwa sababu hiyo, kwa jinsi nionavyo mimi, na daktari atakuambia zaidi. Safari hiyo kipande kilikuwa kidogo, kikayeyuka. Hakuna aliyewaahidi kwamba kinachofuata kitakuwa kidogo. Sikuambii haya nikutishe, nakuambia kwa sababu wewe umekuwa ukipima hofu yako peke yake, na ya Nakiru hukuipima.

Kuhusu vile vidonge viwili, hapo ndipo karipio lilipo. Kidonge kile cheupe hupunguza cheche zinazoshuka, na kiasi chake ni kidogo sana. Kikizidi, chenyewe kinauvuruga moyo, na kutapika na kuona manjano ni mlango wa kuingilia huko. Hatari huongezeka mtu akiwa anakojoa sana kwa dawa ile nyingine na kutoka jasho katika joto lenu, kwa sababu mwili unapoteza chumvi ambazo cheche inazihitaji. Mpe kimoja kama alivyoagizwa, hata shanga zikigonga kama ngoma. Akitapika tena, msimamishie kidonge hicho na mpeleke kwa watu wa dawa siku ile ile, na umwambie daktari ulichofanya, usimfiche. Muulize pia kuhusu sindano ya kila mwezi ya kuzuia ugonjwa ule wa koo usirudi kuila valvu upya. Na mimba isiingie mpaka daktari aseme, maana moyo ule hauwezi kupampu kwa ajili ya watu wawili.

Sasa shanga. Mimi ni mtu wa Kitale, Ekuru, si Mturkana, na sitakaa hapa nikuambie kwamba alagama ni chuma tu. Kama ingekuwa chuma tu mkono wako usingetetemeka. Sikucheki, na Mkristo anayeogopa bado ni Mkristo. Lakini fikiri sawasawa. Unaogopa Nakiru asije akawa mjane. Kwa valvu ile na mapigo yale, hatakuwa mjane. Atakayebaki na watoto wawili na shanga za marehemu ni wewe.

Na umemwacha asemwe. Kijana wa zahanati amemkaripia, Kiplagat anamcheka kazini, na mwanamke ambaye hana pumzi ya kupandia kilima amepata pumzi ya kulinda jina lako. Sijui kama unamjua uliyemwoa. Leo hii, kabla hujaenda kwenye pampu, mwambie, "Ni mimi niliyeogopa." Kisha kamwambie Kiplagat. Ukifika Kakuma kamwambie na Aregae, mbele ya Nakiru asikie.

Nitakueleza kitu nilichokiona mwenyewe nilipokuwa bado sista wa wodi. Aliletwa mama mmoja wa Kiturkana mwenye kifua kibaya, na mume wake, mzee aliyeitwa Ethuro, mtu mrefu mwenye kigoda chake mkononi. Tukasema shanga zitoke. Nikajitayarisha kwa vita, maana nilikuwa nimeviona vingi. Mzee akamkalisha mkewe, akamvua safu moja moja kwa mikono yake mwenyewe, na kila aliyoitoa akaivaa yeye. Shanga zikampanda mpaka masikioni. Pete ya chuma akaiweka juu ya goti lake na kuishika kwa mikono yote miwili, akakaa kwenye benchi mbele ya mlango wa chumba cha picha. Wafagiaji wakacheka, hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Yeye akaniambia, "Sista, hii vitu haijaenda mahali. Iko kwa mwenyewe. Na mwenyewe ndio huyu amekaa hapa, unamwona. Sasa nani amekufa?"

Mkewe alipotoka alimtazama mumewe, na ndipo mwanamke yule naye akacheka, akashika mdomo. Mzee akamvisha tena palepale, safu moja moja. Nilimwona Ethuro baada ya miaka mingi sokoni Lodwar, mzima kabisa, akaniomba tumbaku kana kwamba nilikuwa nimemwahidi.

Basi fanya hivi. Mwende Kakuma kabla ya ndege, msingoje siku ile ile, na safari iwe ya kukaa mbele kwenye gari, si juu ya magunia. Mchukue na mama yako. Usimfiche jambo, maana ukimficha atanyoa kweli. Mwambie kwamba shanga hazitawekwa chini wala kwenye meza, zitatoka shingoni kwa Nakiru zikaingia shingoni kwa mwanawe aliye hai, naye Nabei mwenyewe atakaa kando yako aone, na zitakapotoka kwako ni yeye atakayezirudisha kwa mkwewe. Mama mwenye kazi ya kufanya huwa na nafasi ndogo ya kulia. Nakiru akienda Nairobi mtafanya hivyo hivyo, na kama itabidi uzivae mpaka apone, zivae. Wakikucheka kwenye pampu, waache wacheke.

Koleo litakutetemekea tena, nakuhakikishia. Litie hivyo hivyo. Nakiru alikuambia kwamba mkono ukiwa wako hataogopa, wala hakusema uwe mkono usiotetemeka.

Na shingo yake ikishakuwa wazi, kabla hawajamwita, weka sikio kifuani pake. Umeoa miaka yote hii ukisikia shanga tu. Usikilize moyo wenyewe ulivyo, unavyokwenda mbio na kujikwaa, ujue ulikuwa unafanya kazi gani peke yake. Kisha vaa shanga zake, ukae kwenye benchi mahali ambapo mlango ukifunguliwa atakuona wewe kwanza.